Tabibu Aliyechelewa Mlangoni

Wasimulizi wa maisha ya Abu Bakr Muhammad ibn Zakariyya al-Razi, tabibu mashuhuri aliyezaliwa katika mji wa Rayy, nchi ya Uajemi, yapata mwaka 865, wanakhitilafiana katika mambo mengi, walakini katika jambo moja wanakaribiana, nalo ni kwamba hakuingia katika utabibu akiwa kijana. Alikuwa amekwisha kujishughulisha na falsafa, na muziki kwa kauli ya baadhi yao, na zaidi ya yote na alkemia, ile elimu ya kuyeyusha na kukeneka na kuchanganya madini. Na al-Biruni, aliyeandika orodha ya vitabu vyake, ahusisha maradhi yake ya macho na kazi hiyo ya tanuri, na wengine wakaongeza kwamba macho ndiyo yaliyompeleka kutafuta dawa, na kutafuta dawa kukampeleka kuitafuta elimu yenyewe. Alikuwa amepita umri wa miaka 30, kwa riwaya zilizo nyingi, alipoanza kuyasoma yale ambayo wenziwe waliyasoma ndevu zikichipua. Na juu ya hayo akafikia kuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad, na akaandika kitabu cha kuitenga ndui na surua ambacho kilisomwa kwa karne nyingi baada yake.

Katika al-Hawi, mkusanyiko mkubwa wa maandiko yake uliopangwa baada ya kufa kwake, mna habari fupi ambayo msomaji wa haraka aweza kuipita. Razi alikuwa akiwatibu watu wenye dalili za sirsam, maradhi ya homa na kuweweseka ambayo matabibu wa leo wangeyaweka karibu na homa ya uti wa mgongo, na desturi ya wakati ule ilikuwa kumtoa damu mgonjwa wa namna hiyo. Badala ya kuifuata desturi kwa kuwa ni desturi, aliwagawa watu wake: kundi moja akalitoa damu, na la pili akaliacha kwa makusudi, apate kuyakinisha. Akaona kwamba waliotolewa damu ndio waliookoka, akahukumu kuwa dawa ni hiyo. Leo hapana tabibu ambaye angemtoa damu mgonjwa wa uti wa mgongo, na sababu ya kosa lile si ngumu kuieleza, maana kuwagawa watu makundi mawili hakutoshi ikiwa mwenye kugawa ndiye anayechagua nani aende upande gani. Ilibidi karne nyingi zipite, mpaka mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipochapisha jaribio lake la streptomaisini kwa wenye kifua kikuu, ambamo Austin Bradford Hill aliuondoa uchaguzi katika mkono wa tabibu na kuutia katika kura. Razi njia aliiona, jawabu likampotea.

Nadhani, wala sina zaidi ya dhana, kwamba ilikuwa tabia ya mtu wa tanuri iliyomfanya atake kuona vyungu viwili vikichemka pamoja, kimoja kikiwa na kitu na kimoja kikiwa hakina. Aliyelelewa katika utabibu peke yake tangu ujanani hufundishwa kwanza kumwamini mwalimu, na ni vema iwe hivyo, kwa kuwa mgonjwa hawezi kungoja mwanafunzi ayahakikishe mambo yote kwa macho yake. Ilhali aliyekuja kutoka elimu nyingine huja na uzoefu wa kuwaona waalimu wakikosea mezani, mbele ya watu, pasi na fedheha, na kuanza upya kesho yake. Mtu wa namna hii ndiye ninayetaka kumtafakari: yule anayeingia skuli ya udaktari akiwa tayari na shahada ya elimu nyingine, na ambaye baada ya kuhitimu hataki kuchagua baina ya kutibu na kutafiti.

Mlango wa kuingilia utabibu ukubwani si wa ajabu kila mahali. Nchini Marekani, tangu Johns Hopkins ilipofungua skuli yake ya udaktari katika mji wa Baltimore mwaka 1893 na kushurutisha shahada ya kwanza kwa kila aingiaye, desturi ile ilitambaa mpaka ikawa ndiyo njia ya nchi. Australia iliianza mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Flinders. Na Uingereza, ambako kwa vizazi vingi kijana alitoka skuli akiwa na miaka 18 na kuingia moja kwa moja katika miaka mitano au sita ya udaktari, ikafuata mwaka 2000, St George's ya London na vyuo vya Leicester na Warwick vikianzisha mafunzo ya miaka minne kwa wenye shahada tayari. Nitakaa zaidi na habari za Uingereza, kwa kuwa huko njia mbili, ya kijana na ya mtu mzima, zinakwenda sambamba katika nchi moja na hospitali zile zile.

Waingiao kwa mlango huu si wa namna moja. Yuko aliyekuwa muuguzi kwa miaka, akachoka kuyajua mambo ambayo hakuruhusiwa kuyaamua, yuko mfamasia, yuko mhandisi, yuko aliyesoma historia au lugha, ambaye wenziwe humdhania kuwa amepotea njia mpaka wamsikie anavyozungumza na wagonjwa. Lakini ninayemfikiria hasa ni mwenye biokemia, au jenetiki, au takwimu, pengine mpaka shahada ya uzamivu, aliyezoea kukaa na swali moja mwaka mzima, na ambaye siku moja alijiuliza ni nani anayelingojea jawabu lake. Huyo huingia na nia mbili, na jambo la kwanza analokutana nalo ni kinyume cha alivyotazamia. Mwanafunzi kijana, aliyetoka skuli juzi, aghalabu hupewa fursa ya kuukata udaktari wake katikati na kutumia mwaka mmoja kupata shahada ya sayansi, akaonja maabara na kuandika makala yake ya kwanza chini ya mlezi atakayemkumbuka baadaye. Lakini mwenye shahada tayari hahesabiwi kuwa na haja na mwaka huo, na miaka yake minne imebanwa hata hakuna upenyo wa kuutia. Kwa hiyo aliye na ujuzi mwingi zaidi wa utafiti ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kuutumia, tena katika miaka ile ile ambayo wenziwe wadogo wanajenga urafiki na maprofesa.

Kisha kuna hesabu ya umri, ambayo hakuna awezaye kuikwepa. Tuseme alimaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 21, na uzamivu akiwa na 25. Udaktari wa miaka minne wamfikisha 29. Mafunzo ya msingi hospitalini, ambayo huko ni miaka miwili, yamfikisha 31. Ndipo yaja mafunzo ya ubingwa, ambayo katika fani nyingi za magonjwa ya ndani ni miaka saba au zaidi, na muda wa utafiti haujatiwa ndani yake. Anakuwa daktari bingwa karibu na miaka 40 au baada yake, akiwa na deni la karo, na yamkini watoto, na wazazi walioanza kuumwa. Kijana wa asili ya Unguja au Mombasa aliyelelewa London atayasikia haya si kutoka kwa msimamizi wake bali kutoka kwa mama yake, kwa sauti isiyokuwa ya lawama: mwanangu, masomo haya yana mwisho? Naye shangazi aliye kando, ambaye kwake mtu huwa daktari siku anapovishwa joho na si kabla wala baada, hataelewa kwa nini aliyekwisha kuitwa daktari kwa uzamivu wake ameanza tena kuitwa mwanafunzi. Swali la mama ni la haki, wala sipendi jinsi waandishi wa mambo haya wanavyolipita kana kwamba nia njema yalipa kodi ya nyumba.

Hata hivyo, taabu iliyo kubwa zaidi si ya miaka wala ya fedha. Ni ya tabia mbili kukaa katika kifua kimoja. Katika maabara shaka ni heshima. Asemaye sina yakini, na nirudie jaribio, husifiwa kwa uadilifu wake, na kazi ikicheleweshwa miezi sita kwa ajili ya kuhakikisha hapana anayekufa. Wodini, saa tisa ya usiku, mbele ya mzee anayehema kwa shida na ambaye kifua chake chaweza kuwa na maji, au usaha, au damu iliyoganda, shaka ile ile yahitaji kufungwa mdomo kwa muda, kwa kuwa kungoja nako ni kutenda, tena mara nyingi ni kutenda vibaya. Aliyechelewa mlangoni hupata tabu hapa kuliko kijana. Wenziwe wadogo hujifunza kuamua kabla ya kujifunza kushuku. Yeye yambidi ajifunze kuamua pamoja na kushuku, atie sindano huku akijua udhaifu wa ushahidi ulioandikwa juu ya dawa iliyomo. Wapo wanaoshindwa, wakawa matabibu wa kusitasita ambao wauguzi huwaonea huruma. Lakini wengi zaidi hushindwa kwa upande wa pili: wodi huwashika, zamu huwachosha, na baada ya miaka mitatu au minne wanasema maneno yale yale waliyoyastaajabia walipoingia, kwamba hivi ndivyo tufanyavyo, na imekuwa hivi siku zote. Huku kushindwa kwa pili kwaniogofya zaidi, kwa kuwa hakumuumizi mwenyewe.

Waingereza, ambao wana kipaji cha kuliundia kamati kila jambo, waliona hatari hii. Kamati iliyoongozwa na Mark Walport ilitoa taarifa mwaka 2005, na kutokana nayo ikapangwa njia maalumu kwa madaktari wanaotaka kuwa watafiti: kwanza nafasi ya miaka mitatu ambamo robo ya muda ni ya utafiti na robo tatu ni za mafunzo ya kutibu, kisha uzamivu kwa asiyekuwa nao, kisha uhadhiri wa miaka isiyozidi minne, nusu kwa nusu. Kwenye karatasi ni mpango wa busara. Lakini robo ya miaka mitatu ni miezi tisa, na katika miezi tisa mtu aweza kuandika ombi kwa kamati ya maadili, akangoja, akajibu masuala yao, akakusanya takwimu zilizokwisha kuwapo, na kuandika ombi la fedha za kazi atakayoifanya baadaye. Swali jipya la asili, lililozaliwa kwake mwenyewe, haliingii humo ila kwa bahati. Nusu kwa nusu nayo ni hesabu ya makaratasi, kwa kuwa mgonjwa hafi kwa nusu ya juma, na mwenziwe aliyeugua akikosa zamu, siku inayochukuliwa ni ile ya utafiti, ambayo haina mtu wa kuililia. Mwaka 1979 James Wyngaarden, huko Marekani, aliandika katika New England Journal of Medicine kwamba mtafiti aliye tabibu ni kama kiumbe kilicho karibu kutoweka duniani. Tangu hapo imebuniwa mipango mingi ya kumhifadhi, naye angalipo, na angali karibu kutoweka.

Mwenye uzamivu wa zamani, katika njia hii, aweza kuruka daraja la katikati, na hilo ni faida ya kweli. Lakini ndani ya faida mna mtego, nao ni kurudi alikotoka. Aliyetumia miaka minne na protini moja ya hamira huona kwamba jambo jepesi ni kuitafutia protini ile ugonjwa, apate kuendelea nayo akiwa amevaa koti la daktari. Simlaumu, vitabu vyake viko huko, rafiki zake wako huko, na jina lake dogo alilolipata liko huko. Lakini maadam ameichoma miaka yake kwa ajili ya kufika kitandani kwa mgonjwa, itakuwa ajabu akifika hapo ageuze uso na kutazama dirishani. Kilichomfanya awe na haki ya kuuliza swali jipya ni kule kukaa usiku kucha na wanaougua, si ile hamira.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki London, ijapokuwa waliouongoza walifungamana na vyuo vya huko. Watoka Kilifi, na Muheza, na hospitali nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Kwa miaka mingi matabibu walifundishwa kwamba mtoto aletwaye na homa kali, mikono yake baridi, mapigo ya moyo yakikimbia, damu isiyofika vidoleni, apewe maji mengi kwa haraka katika mshipa. Mafundisho hayo yalitoka katika hospitali za nchi tajiri, zenye mashine za kupumulia na muuguzi mmoja kwa kila kitanda, yakaandikwa katika miongozo ya dunia, na hapana aliyeyashuku sana, kwa kuwa yanaingia akilini: damu haizunguki, basi ijazwe. Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi miaka mingi Kilifi, pamoja na wenziwe wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakauliza kama ni kweli. Wakalianzisha jaribio lililoitwa FEAST, na wakawagawa watoto kwa kura: wengine wapewe maji ya chumvi kwa haraka, wengine albumini kwa haraka, na wengine wasipewe ila maji ya kiasi ya kuwahifadhi, na wote watibiwe malaria na maambukizo yao kama kawaida.

Fikiria mzigo wa jambo hili kwa tabibu aliye zamuni. Mama amefika na mtoto aliyelegea, amepanda pikipiki au daladala, na kanuni ya kutafiti yataka ridhaa ielezwe na kuandikwa. Lakini kumsomea karatasi ndefu mama ambaye mwanawe yu katika hali ile ni ukatili, na kuacha kumwambia kitu ni khiyana. Wakaafikiana, na kamati za maadili zikaridhia, kwamba pale hali inapokuwa ya hatari mama aulizwe kwa maneno machache kwanza, na maelezo kamili na saini vije baadaye, hali ikitulia. Wapo waliolipinga jambo hilo, na wana hoja. Mimi naona kwamba ni katika mahali kama hapa ndipo mtu mwenye kazi mbili anapohitajika hasa, kwa kuwa mtafiti asiyetibu asingejua ukatili wa karatasi ile, na tabibu asiyetafiti asingeona haja ya kuuliza.

Walitaka watoto 3,600. Mwezi Januari mwaka 2011, walipofika 3,141, kamati iliyokuwa ikitazama takwimu kwa siri ikawaamuru wasimame. Katika saa 48 za kwanza walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa haraka, na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Yaani ile tiba iliyokuwa katika vitabu, iliyotolewa kwa imani na mapenzi, ilikuwa ikiondoka na watoto watatu zaidi katika kila mia. Na katika takwimu zile mna jambo ambalo kila tabibu ingempasa alisome akiwa ameketi: baada ya saa moja, waliopewa maji walionekana kuwa na nafuu kuliko wenzao. Vidole vilipata joto, mapigo yakatulia. Daktari aliyesimama hapo angeapa kwa macho yake kwamba ameponya, kisha zamu yake ingekwisha, na kifo kingekuja kwa zamu ya mwingine. Hapana uzoefu wa miaka 30 ambao ungeweza kumtoa mtu katika udanganyifu ule, kwa kuwa uzoefu wenyewe ndio uliokuwa ukidanganywa kila siku. Kura peke yake, na hesabu, na uvumilivu wa kuwahesabu wote mpaka siku ya pili, ndivyo vilivyoweza.

Matokeo yalipotangazwa wapo matabibu, tena wa sifa, waliokataa kuyapokea; wakasema watoto wale walikuwa na malaria, au upungufu wa damu, au hospitali zile hazikuwa na vifaa. Miongozo ya dunia ikachukua miaka kadhaa kubadilika. Hii ndiyo kazi ya tatu ya mwenye kazi mbili, ambayo haikuandikwa katika mkataba wake, nayo ni kwenda kuwashawishi watu waliokuwa na nia njema kwamba nia yao ilidhuru.

Sitaki msomaji adhani kwamba kuunganisha kutibu na kutafiti ni jambo jema kwa tabia yake. Robert Koch alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, akitibu wakulima kutwa, na katika chumba alichokitenga ndani ya mahali pake pa kazi, kwa hadubini na panya, akaufumbua mwaka 1876 mzunguko wa maisha wa kijidudu cha kimeta. Kijana yeyote anayedhani kwamba utafiti hauwezekani pasi na jengo kubwa angefaa kuisoma habari hiyo. Lakini ni Koch huyo huyo, akiwa sasa mzee na mwenye nishani ya Nobel, aliyekuja katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906, kutafuta dawa ya malale, akawapa wagonjwa atoksili, dawa yenye zaranikhi ndani yake; na ilipoonekana kwamba kipimo cha kwanza hakiponyi, akakizidisha, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka, upofu usiorudi. Walikuja kwake kama wagonjwa kwa tabibu. Mtu mmoja alikuwa na kofia mbili, na wao waliiona moja tu. Kamati za maadili, ambazo watafiti wa leo huzinung'unikia kwa ukaidi wao na fomu zao zisizokwisha, zimezaliwa na mambo kama hayo na mabaya kuliko hayo, na kila ninaposikia manung'uniko hukumbuka Sese.

Wala si lazima kila kitu kikae katika mtu mmoja. Denis Burkitt, aliyeanza masomo yake Dublin katika uhandisi kabla ya kuhamia udaktari, alikuwa mpasuaji wa Mulago, hana maabara ya kujivunia. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili, na muda mfupi baadaye akamwona mwingine katika hospitali ya Jinja, na badala ya kuwapasua na kusahau akaanza kuuliza walikotoka. Mwaka 1958 akaandika. Mwaka 1961, pamoja na wenziwe wawili, akaendesha gari maili zipatazo 10,000 kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika, akiingia hospitali zaidi ya 50 na kuuliza swali lile lile, mpaka ramani ya saratani ile ikaonekana kufuata joto na mvua. Ni mwaka huo alipotoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na nyuma ya chumba alikuwapo Anthony Epstein, mtu wa virusi, ambaye alisikia katika joto na mvua kitu ambacho mpasuaji hakukisikia. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza virusi vinavyochukua jina lake na la Barr hata leo. Mmoja aliliona jambo, mwingine akaijua njia. Na aliyechelewa mlangoni, aliyepata kukaa pande zote mbili, pengine thamani yake iliyo kubwa si kuwa Burkitt wala Epstein, bali kuwa yule anayejua kwamba hawa wawili yafaa wakutane, na akaandika barua.

Kwetu, katika Afrika ya Mashariki, mlango wa shahada ya pili haujulikani kwa jina hilo, lakini waliochelewa ni wengi. Yuko tabibu wa Tanzania aliyeanza kwa stashahada, akakaa zahanati na kituo cha afya miaka kumi, akazalisha, akashona, akatibu malaria pasi na hadubini wala umeme, kisha akaingia chuo kikuu kusomea udaktari pamoja na vijana wa umri wa wadogo zake wa mwisho. Huyu hakuleta biokemia. Alileta miaka kumi ya kuona, na sijui kwa nini tusiihesabu kuwa ni elimu ya kwanza. Na kila anayesomea ubingwa katika vyuo vyetu yambidi aandike tasnifu ya utafiti, kwa hiyo kwa kanuni kila bingwa wetu ni mtafiti. Kwa mazoea, tasnifu huandikwa katika miezi ya mwisho, kwa swali lililochaguliwa kwa kuwa laweza kumalizwa, ikafungwa kwa jalada gumu, ikawekwa rafuni, na mwenyewe akapelekwa mkoani ambako ni yeye peke yake katika fani yake, na wagonjwa wamekaa mpaka nje barazani. Kumwambia mtu huyo atenge robo ya juma kwa utafiti ni mzaha. Awezalo ni dogo kuliko hilo, tena si dogo: kuandika vizuri katika daftari, kwa namna moja, kila mgonjwa wa aina moja, na kukubali kuwa mmoja wa wengi katika swali kubwa. Majaribio yale ya kifua kikuu yaliyofanywa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza pamoja na hospitali za Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1970, ambayo yalionyesha kwamba dawa zilizokuwa zikinywewa miezi 18 zaweza kunywewa miezi sita zikichanganywa sawasawa, yalisimama juu ya watu wa namna hiyo, walioyaandika makohozi ya kila mtu kwa mwezi wake.

Tukirudi kwa mwenye miaka 40 wa Uingereza, au popote, aliyemaliza ubingwa wake na ana miaka 20 au 25 ya kazi mbele yake, hesabu yamwambia kwamba maswali atakayoweza kuyafikisha mwisho ni mawili, pengine matatu. FEAST ilichapishwa mwaka 2011. Swali lililofuata, ambalo Maitland na wenziwe walilichukua Uganda na Malawi, lilihusu damu: mtoto aliyelazwa na upungufu mkali wa damu, lakini ambaye bado hajaonyesha dalili za hatari, aongezwe damu papo hapo au aangaliwe kwanza? Jawabu lilichapishwa mwaka 2019, miaka minane baadaye, nalo ni kwamba watoto hao, wakiangaliwa kwa makini na kuongezwa damu pale tu hali inapobadilika, hawakufa zaidi ya wale walioongezwa mara moja. Na chupa ya damu iliyosalia katika jokofu la hospitali ya wilaya yaweza kumngoja mama atakayevuja damu usiku ule katika chumba cha kujifungulia.